Afisa wa Forodha na Gauni Jeupe

Kila nirudipo Accra kutoka kwa wanangu ng'ambo, humkuta yule mama wa forodha mezani pake, nami huomba moyoni asiniite. Huvaa glavu za mpira, hutandaza nguo moja moja, kisha huzikunja vizuri kuliko mwenyewe, huku akiimba puani. Wanaowahi ndege nyingine humlalamikia bure. "Kaka, ndege ndiyo yenye mabawa, mimi sina," huwajibu.

Safari hii aliniita. Ndege ya Kumasi ilikuwa karibu kuruka, lakini mjane wa ukoo wa Boahen kama mimi habembelezi mtu mbele ya foleni. Nikaweka sanduku mezani. Akafungua sanduku, akakuta gauni jeupe la lesi, soksi nyeupe na glavu za hariri, vyote vipya. Wimbo ukakatika. Akavua kwanza glavu zake za mpira, ndipo akaligusa gauni.

"Ni nani aliyefariki, mama?" akanong'ona.

"Mama mkwe, aliyemzaa marehemu mume wangu. Wananisubiri tumvike. Bila gauni hili hawawezi kumlaza watu wamwone kabla ya maziko."

Nyuma yangu bwana mmoja akadakia, "Kwani huyo mama anaolewa?"

"Anaolewa, na wewe hukualikwa!" afisa akamjibu, akilikinga sanduku kwa mwili wake.

Akalikunja gauni tu kwa uangalifu, mikono yake ya lesi ikikutana kifuani. Nguo nyingine akazirundika ovyo, akafunga zipu.

"Kimbia, mama."

Nikakimbia, mbele ya watu wote, viatu mkononi.