Mgunga Niliosema ni wa Serikali

Enzi zetu, na ninaposema zetu nawaambia ninyi mliokuwa darasa la sita pale Lodwar mwaka wa 2012, mchanga ulikuwa na saa zake. Kabla ya saa nne ulikanyagika. Baada ya hapo tulivuka uwanja kwa mbio kutoka kivuli hadi kivuli, na aliyesahau akala zake za tairi darasani alirudi akirukaruka kama jogoo aliyekanyaga kaa la moto. Tulicheza kati kwa mpira wa mifuko ya plastiki iliyofungwa kwa uzi wa gunia. Githeri ya shule, mahindi na maharagwe, ilikuwa na mchanga wake pia, na tuliamini mchanga huo ndio uliotupa nguvu. Siku hizi naona mtoto wa darasa la sita akila andazi kwa kulishika na karatasi. Sisemi ni vibaya. Nasema tu nimeona.

Lakini sikuketi kuandika habari za githeri. Kuna jambo la Kakuma ambalo nimelizunguka kwa zaidi ya miaka kumi, na nikiendelea na habari za mpira nitalizunguka tena.

Mwaka ule, likizo ya Agosti ilipoisha, walimu waligoma. Baba, aliyekuwa karani Lodwar, hakutaka nikae mtaani bure, basi akaniacha Kakuma kwa nyanya yangu, mama yake. Boma la nyanya lilikuwa kando ya laga ya Tarach, mto ambao kwa miezi mingi ni mchanga mtupu, mwendo mfupi tu kutoka kambi ya wakimbizi. Nitasema ukweli: nilimwonea aibu. Shingo yake ilijaa shanga hadi kidevuni, alivaa ngozi, alinuka moshi na maziwa, na hakujua Kiswahili zaidi ya "habari" na "bei gani". Mimi nilikuwa mtoto wa mji. Nilikuwa na kalamu ya rangi nne.

Nyanya alikuwa na ekwar, yaani kipande cha miti kando ya laga ambacho ni cha familia moja. Ardhi yenyewe si yako, lakini miti ni yako, uliachiwa na waliokutangulia. Yake ilikuwa migunga saba, na mmoja ulikuwa mkubwa kuliko yote, kivuli chake kiliwatosha mbuzi wake wote. Wakati wa kiangazi, nyasi zinapokwisha, nyanya alishika fimbo ndefu yenye ndoano mwishoni, akatikisa matawi, na maganda yaliyojikunja yakanyesha chini. Ndiyo yaliyowaweka mbuzi hai. Mtu mwingine hakuruhusiwa kutikisa hata tawi moja bila kuuliza. Na desturi ya kuuliza ilikuwa hivi: ukiwakuta watu chini ya mti, unawauliza ni wa nani. Mtoto wa boma akijibu, boma limejibu.

Mimi hilo sikulijua. Au nililijua na kulidharau. Nimejiuliza mara nyingi sana ni lipi kati ya hayo mawili, na kila mwaka najipa jibu tofauti.

Rafiki yangu pekee kule alikuwa Adut, msichana wa Sudan Kusini aliyeishi kambini na mama yake. Alikuwa mrefu, kipaji chake cha uso kipana, na akicheka alijifunika mdomo kwa viganja viwili. Mama yake aliuza kisra, ule mkate mwembamba wa mtama, na mimi nilikula hapo karibu kila siku. Kwa Kiswahili chake Adut alinichokoza bila huruma. "Wewe Mturkana gani? Mbuzi inakukimbiza!" Na kweli kulikuwa na beberu mmoja aliyenikimbiza.

Siku moja nyanya alikwenda arusini kwa jamaa zake, safari ya siku nne. Adut na mimi tulikuwa tumeketi chini ya mgunga mkubwa. Akaja mwanamume tuliyemjua kwa sura, Ekuwam, mchoma makaa, ambaye wateja wake wengi walikuwa kambini. Alitusalimu vizuri, "Ejok," akasimama akiutazama mti kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza kwa Kiturkana, "Mti huu ni wa nani?"

Muhula uliopita mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba misitu na mito ni mali ya serikali. Niliandika na kupata alama zote. Adut alikuwa ananitazama, naye alikuwa amejifunza Kiturkana cha kutosha kufuata. Nikasimama kama niko mbele ya darasa.

"Ni wa serikali," nikasema. "Miti yote ni ya serikali."

Ekuwam akanitazama. "Si wa boma hili?"

"Hapana. Mti hauna mwenyewe."

Akaenda zake. Adut akasema, "Nyanya yako anajua hiyo maneno?" Nikamwambia hayo ni mambo ya shuleni, hawezi kuelewa. Sikujua ninasema nani hawezi kuelewa, yeye au nyanya.

Kesho yake asubuhi nilisikia shoka. Nililisikia vizuri kabisa nikiwa nafunga akala zangu. Nikafikiri, kuna mtu anakata kuni. Nikaenda kambini, nikala kisra, nikaota jua na kucheza mpaka alasiri. Niliporudi, anga ilikuwa mahali pasipostahili kuwa na anga. Mbuzi walikuwa wamesimama palepale kilipokuwa kivuli, wamebanana, katikati ya jua.

Nyanya aliporudi hakupiga kelele. Aliweka kiganja juu ya kisiki, akakiacha hapo kama mtu anayepima homa ya mtoto. Kisha akaenda kuwaita wazee.

Walikuja wazee watatu na viti vyao vidogo vya kuketia, wakakaa kukizunguka kisiki. Ekuwam aliitwa, akaja bila kujificha. Alisema aliuliza, na mtoto wa boma akajibu. Wakanigeukia. Nakumbuka sauti ya nzi. Nakumbuka nilikuwa na jibu zuri kabisa kichwani, habari za mwalimu na daftari, jibu ambalo lingenisaidia. Nikafungua mdomo, nikasema, "Sikusema."

Adut alikuwepo, kwa sababu Ekuwam alisema kulikuwa na msichana wa kambini. Wakamwuliza. Akasimama, mrefu kuliko wazee wote, akasema kwa Kiturkana chake kilichokatikakatika kwamba nilisema, kwamba miti ni ya serikali. Mzee mmoja akacheka kidogo. "Mgeni anajua nini juu ya miti yetu? Amelishwa maneno na mchoma makaa."

Kisha nyanya akasema, bila kunitazama, "Mtoto wa mwanangu hasemi uongo."

Adut akanigeukia, akaniambia kwa Kiswahili, ambacho wazee hawakukifuata, "Sema tu. Mimi nitasimama na wewe."

Nikatazama vidole vyangu vya miguu. Ekuwam alitozwa mbuzi. Adut aliambiwa arudi kwao na asionekane tena kwenye boma letu. Aliondoka polepole, kama anayempa mtu nafasi ya kumwita. Niliona hiyo nafasi. Nilikuwa na nafasi tangu kisiki mpaka kwenye kona ya laga.

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo ni ngumu zaidi kuieleza, kwa sababu ni sehemu nzuri. Nyanya aliamua kwamba nimeumizwa kwa kusingiziwa. Kila asubuhi kabla ya jua kuchomoza akanichukua kwenye migunga sita iliyobaki ili nitulie. "Kaa," aliniambia. "Usiseme." Nami, ambaye moyo wangu haukuwahi kukaa kimya hata nikiwa usingizini, nikakaa, kwa kuwa sikuwa na uso wa kukataa chochote.

Siku za kwanza nilisikia kichwa changu tu. Halafu, siku moja, nikawasikia kwera, wale ndege wafumaji, wakigombana kwenye viota vyao. Nikaona dume mmoja akifuma kiota, jike akaja, akakikagua, akaondoka, na dume akakibomoa chote na kuanza upya bila hasira. Nikaona siafu wakihamisha mabuu yao na kukizunguka kidole changu cha mguu kama jiwe tu. Nikajua kwamba ganda likianguka kwenye mchanga linatoa sauti ndogo kavu, na kwamba mbuzi aliyelala mbali huisikia sauti hiyo kabla yangu, sikio lake likageuka, akaamka. Nyanya alinionyesha mzizi mmoja wa mgunga uliofunuliwa na mto, akaufuata kwa mkono wake hatua ishirini na zaidi, mpaka ulipozama tena. Nilipata utulivu pale ambao sijawahi kuupata mahali pengine, darasani, kanisani wala chuoni. Na kila asubuhi nilijua ni utulivu wa wizi. Ni Adut aliyestahili kuketi pale.

Shule zilifunguliwa, nikarudi Lodwar. Krismasi nikasingizia malaria ili nisipelekwe Kakuma. Aprili ya 2013 sikuwa na la kusingizia.

Mvua ilikuwa imenyesha mbali, kwenye milima ya juu, kwetu jua likiwaka. Adhuhuri moja tulikuwa chini ya migunga, nyanya akainua kichwa. Ndege walikuwa wamenyamaza. Upepo wa baridi ukaja ukifuata laga, wenye harufu ya udongo. Akanishika mkono, tukapanda ukingoni. Kwanza ikaja sauti, kama malori mengi yasiyofika. Kisha maji yenyewe yakajitokeza kwenye kona, na hayakuja kwa kishindo nilichokitarajia. Yalikuja kama ulimi wa kahawia, yakisukuma mbele yake povu, samadi, vijiti na nge waliokuwa wakiogelea, yakionja mchanga, yakiingia kila shimo na kulijaza kabla ya kusonga mbele. Nyuma ya ulimi huo mto mzima ukafuata. Dakika chache, na mahali nilipocheza asubuhi palikuwa na maji yanayoweza kubeba ng'ombe. Nyanya, aliyeyaona hayo tangu utoto wake, alikuwa amefungua mdomo kama mimi.

Sijui kwa nini ndipo nilipoweza. Labda kwa kuwa ngurumo ilikuwa kubwa, nikadhani sitasikika. Nikasema kwa sauti ndogo, uso ukiwa mtoni, "Nyanya, ni mimi niliyesema. Adut hakusema uongo."

Hakugeuka. Nikashukuru Mungu kwamba hakusikia. Ndipo akasema, "Rudia."

Nikarudia. "Sikusikii, kuna maji," akasema. "Rudia." Nikapiga kelele mara ya tatu, mpaka mchunga mbuzi aliyekuwa ng'ambo akatutazama.

Nyanya akatikisa kichwa taratibu. Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Akasema, "Mbele ya wazee nilikuvisha mdomo wangu. Twende."

Kwanza tukaenda kwa Ekuwam, nikasema mbele ya mke wake, na jioni hiyo nyanya akampelekea mbuzi aliyenona kuliko yule aliyetozwa. Kutoka kwa Ekuwam tukaingia kambini. Nyanya akiwa na shanga zake zote na ngozi yake, akanitangulia katikati ya maduka, watu wakimpisha njia, na kwa mara ya kwanza sikumwonea aibu. Aibu yote ilikuwa yangu.

Mlangoni kwa mama Adut palikuwa na kuku na mwanamke Mkongomani akichambua maharagwe.

"Balikwenda, mwanangu," akaniambia. "Balirudi kwabo, Sudan. Posho mbili sasa," yaani chakula cha kambi kilikuwa kimegawiwa mara mbili tangu waondoke. Akatabasamu. "Balikuwa na furaha sana."

Nyanya akaniomba nimtafsirie, nikamtafsiria. "Madereva wa malori wanafika huko. Tutume neno. Yule mtoto ni wa nani? Baba yake anaitwa nani?"

"Sijui."

"Ukoo?"

"Sijui, nyanya."

Akaniangalia, na hapo ndipo uso wake ulipobadilika, si ukingoni mwa mto. "Ulikula kwao kila siku," akasema, "na hukuuliza?"

Desemba ya mwaka huo vita vikazuka tena kwao. Watu wakaanza kurudi Kakuma kwa mabasi, na likizo ile nilisimama mahali wanapoteremka, nikitazama kila msichana mrefu. Wengine walinitazama pia, wakidhani nawatafuta wao.

Nyanya hayupo tena. Migunga sita ipo, na sasa naambiwa ni yangu. Nimemaliza chuo, nimerudi Lodwar, natuma barua za kuomba kazi na kuzisoma tena baada ya kuzituma nione nilipokosea. Zinaponizidi, naenda Kakuma, naketi kimya, na utulivu ule unakuja bila kuniuliza kama naustahili.

Binamu yangu wa darasa la nane alinikuta huko juzi, simu mkononi, akitafuta mtandao kwa kuinua mkono kama anayetikisa maganda. Alikuwa amemkosea rafiki yake asubuhi. Saa sita alikuwa amemwomba msamaha kwa kikatuni cha paka anayelia, na saa saba walikuwa wamesameheana. Nilimcheka. Sisi, nikamwambia, tulijuana kwa sura na kwa miguu, hatukuhitaji hayo mavitu. Akaniuliza kwa upole, "Basi huyo rafiki yako wa zamani anaitwa nani, nikutafutie?"

"Adut," nikasema.

"Adut nani?"