Tope la Mwaka Ule

Wataalamu wa tope la ziwa walifika kijijini kwetu Lipingo, kando ya ziwa, mvua zikielekea kuisha. Wote walikuwa wageni kutoka nje, na mimi walinichukua kwa kuwa nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilikuwa na Kiingereza cha kuombea maji. Kazi zangu zilikuwa mbili: kuwatafsiria wanakijiji waliokuja kushangaa, na kuosha mabomba.

Kila asubuhi walikwenda na boti hadi kwenye kina kirefu, wakazamisha bomba la plastiki mpaka likajichoma kwenye sakafu ya ziwa, kisha wakalivuta juu likiwa limejaa tope. Alasiri walilipasua kwa urefu juu ya meza, pale ufukweni. Tope lilikuwa na mistari, mweupe na mweusi, mweupe na mweusi, myembamba kuliko ukucha. Kiongozi wao, mama wa makamo aliyempa shikamoo kila mtu hata watoto wa chekechea, ndiye aliyenieleza maana yake. Kiangazi, upepo wa mwera ukivuma, maji ya chini huchanganyika na ya juu, na vijimea visivyoonekana kwa macho hustawi, hufa, na maganda yao huzama. Huo ni mstari mweupe. Masika mito huleta udongo wa milimani, na huo ni mweusi. Miwili kwa pamoja ni mwaka mmoja. Kule chini hakuna hewa, kwa hiyo hakuna samaki wala mdudu wa kuchimbua, na kila mwaka umelala palepale ulipoangukia. Wao walihesabu mistari kurudi nyuma, wakipima unene wake, wakajua mwaka gani mvua ilikuwa haba na lini ziwa lilipungua, hata enzi ambazo hapakuwa na mtu wa kuzisimulia.

Niliona ni maajabu, lakini maajabu ya darasani. Sikumkumbuka kaka yangu hata kidogo, na jambo hilo linanichoma mpaka leo.

Mama yetu alikuwa Mmatengo wa Litembo kule milimani, baba mtu wa ziwani. Kaka alikulia kwa wajomba, kwenye kahawa. Ilipokuja biashara huria, wanunuzi binafsi walipanda milimani na mizani zao, msimu mmoja wakagombania kila debe, msimu uliofuata hawakuonekana. Kaka akateremka ziwani, akasema kahawa ni ya wazee. Akaanza kuvuka na wenzake wawili kwa mtumbwi kwenda ng'ambo kufuata mitumba. Siku moja hawakurudi. Mtumbwi ulipatikana, wenzake walipatikana, yeye hakupatikana. Misa ilisomwa. Baba alichonga msalaba, mama akaukataa.

"Utausimika juu ya nini?" alimwuliza. Msalaba ukakaa nyuma ya mlango miaka minne.

Siku mama alipokuja ufukweni alikuta bomba limefunguliwa mezani. Aliinama akaliangalia kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa nimeanza kuona haya, kwa sababu alikuja na kanga yake ya jikoni na mikono ina unga.

"Hizi ni nyasi za ngolo," akaniambia kwa Kimatengo.

Kwao mlimani wanaume hulaza nyasi kwa miraba juu ya mteremko, wanawake huchimba udongo wa katikati na kuzifukia, pakabaki shimo kati ya matuta manne. Hiyo ndiyo ngolo. Ukilichimbua tuta msimu mwingine unakuta nyasi za zamani zimekuwa mstari mweusi ndani ya udongo, na mwanamke wa Litembo atakwambia zililazwa lini. Kilichonichukua siku nzima kukielewa, yeye alikielewa kwa kutazama tu.

"Waulize," akasema. "Mwaka wa kaka yako ni mstari upi?"

Yule kiongozi alitutazama akitabasamu, akisubiri nitafsiri. Niliogopa watamwona mama yangu mshamba. Na nilijua jambo jingine. Tope la juu kabisa, la miaka ya karibuni, lilifika jepesi kama uji, limevurugika, na wao walitaka lile la kale. Asubuhi ile niliambiwa nilimwage, nikalimwaga kando ya jiwe la kufulia, nikasuuza ndoo.

Nikawaambia wageni kwamba mama anauliza kama tope hili linaliwa. Wakacheka, cheko la upole tu. Nikamgeukia mama, nikamwambia wamesema mwaka ule haumo.

"Haumo? Wa juu mmeuweka wapi?"

"Umemwagwa."

"Wapi?"

Nikamwonyesha jiwe. Alikwenda nyumbani akarudi na bakuli, akachota kilichobaki pale, tope na mchanga wake, akaondoka. Nilijifanya naosha bomba.

Siku mbili baadaye alilaza nyasi nyuma ya jiko, akazifukia, ikatokea ngolo moja kwenye uwanja tambarare. Baba alimtania kwamba Wamatengo wakikosa mlima watachimba hata ule wa kuwazia. Mimi nilidhani amekumbuka kwao. Kwa kuwa dhamiri ilikuwa inanisuta, nikataka kumfurahisha. Ngolo mpya hupandwa maharage, na siku zilikuwa zinapita bila yeye kupanda. Nikachukua mbegu, nikapanda matuta yote manne, wala sikumwambia.

Maharage yalipochomoza alinikuta jikoni nikinywa uji.

"Nani amepanda kule nyuma?"

"Mimi, mama. Niliona ngolo tupu."

"Haikuwa tupu," akasema. "Nimemlaza kaka yako."

Tulikwenda kuyang'oa pamoja, yeye tuta moja na mimi jingine. Aling'oa taratibu, akishindilia udongo kwa kidole kila mche ulipotoka, ili mizizi isichukue hata chembe ya lile tope la bakuli. Nililia, naye hakuninyamazisha. Tulipomaliza alimwita baba alete ule msalaba, na baba, aliyekuwa mtu wa maneno mengi, aliuleta bila kuuliza.

Tulipokuwa tunanawa nilimwambia kwamba siku ile wageni sikuwauliza swali lake.

"Najua," akasema. "Ungewauliza, wasingecheka."