Sharti la Geti la Garama

Mageti mengi ya Diani yana sharti moja jua likishatua: unayefika na gari uzime taa za nje, uwashe ya ndani, mlinzi awaone waliomo. Walinzi wengine wakishakujua wanakupungia mkono, unapita. Mzee Garama, mlinzi wa geti moja huko, hakuwahi kumpungia mtu. Uwe mwenye nyumba, uwe mpishi anayepita hapo kila siku ya Mungu, utasimama, utazima, utawasha, naye atainama dirishani akutazame kama mtu anayechagua embe sokoni.

Mimi ni dereva wa tuktuk, steji yangu ni Ukunda, na geti lake nimelipitia miaka sita. Tuktuk yangu haikuwa na taa ya ndani. Nilimweleza hivyo, akanijibu, "Basi abiria ajimulike kwa simu." Mzungu mmoja alidhani anapigwa picha, akatabasamu mpaka tukaingia ndani. Mwishowe nilichoka, nikamwambia fundi anifungie kibalbu juu ya kiti cha abiria. Wenzangu stejini walinicheka wiki nzima.

Tulimwita Mkoloni. Nami nilimwita hivyo, mpaka siku nilipougua nikamwachia Suleiman tuktuk yangu. Suleiman ni mnene, mimi ni mwembamba. Yeye ana ndevu, mimi sina. Alipofika getini Garama aliinama, akatazama, akasema, "Swabir, habari za nyumbani?" Suleiman alirudi stejini akicheka. Mimi sikucheka. Nilielewa kwamba kwa muda mrefu mzee alikuwa akinijua kwa mlio wa injini.

Nilimuuliza tukiwa wawili tu. Hakukana. Daktari wa macho alimwambia ni presha ya macho, na kilichokwishapotea hakirudi. Taa za gari zikimpiga usoni haoni kitu kabisa. Zikizimwa, na ya ndani ikawashwa, anaona umbo: kichwa, mabega, pengine kilemba. Mengine anayajaza kwa sauti. "Kwetu Kinango ukame umemaliza ng'ombe," aliniambia. "Nina geti hili tu. Ukisema, Swabir, umenizika." Nikanyamaza. Sisemi nilifanya vizuri. Wenye nyumba walilala wakijua wana mlinzi mkali, kumbe ukali wenyewe ndio uliokuwa macho yake.

Mwaka huu kampuni ya ulinzi ilileta msimamizi mpya, Timothy, kijana wa bara, mwenye daftari na tochi ndefu. Alizunguka mageti jioni, moja baada ya jingine, anasimama nyuma ya mlinzi, anatazama. Kwenye geti la pili alimkuta mlinzi ameandika nambari ya gari vibaya. Kesho yake yule mlinzi alikuwa stejini kwetu na begi lake, kazi hana, anauliza gari la Lunga Lunga.

Alhamisi moja, jua linazama, akashuka stejini mama wa makamo na kikapu cha mahindi mabichi. Akaniambia anatoka Mackinnon Road, alikoolewa, na baba yake ni mlinzi geti fulani. Alikuwa Kahaso, binti wa pekee wa Garama. Hawakuwa wameonana miaka minne, walisikizana kwa simu tu.

"Macho yake vipi?" aliniuliza njiani. "Kila nikimuuliza ananiambia mazima."

Nikasema wazee hawaishi maumivu. Nikamwonya pia kuhusu Timothy, kwamba anafukuza watu, asije akapiga soga ndefu hapo getini.

"Wala usimwambie ni mimi," alisema. "Nataka anione mwenyewe, nimwone atakavyoruka."

Ilinipasa nimwambie ukweli wa yale macho. Najua ilinipasa. Lakini aliyasema kwa furaha, na mimi ni mwoga wa kuharibu furaha ya mtu.

Timothy alikuwepo, tochi mkononi.

"Zima za nje! Washa ya ndani!"

Nikazima, nikawasha. Kahaso akasogea mbele chini ya balbu, ametabasamu mpaka magego yanaonekana. Garama akainama. Kati ya uso wake na uso wa mwanawe haukupita mkono mmoja.

"Karibu, mama," alisema. "Unakwenda nyumba gani?"

Lile tabasamu lilibaki pale muda mfupi, kisha likaondoka. Kahaso aliyatazama yale macho, la kulia, la kushoto. Akamtazama Timothy na daftari lake. Mimi nilishika usukani na kumwomba Mungu.

"Shikamoo, mzee," alisema. "Naenda nyumba namba saba. Nimeitiwa kazi ya jikoni."

Mkono wa Garama ulikuwa kwenye chuma cha tuktuk yangu. Niliuona ukikaza.

"Marahaba," alijibu. "Jina?"

"Cynthia."

Akaliandika, kwa herufi kubwa kubwa, mstari ukapanda juu. Timothy akachungulia begani kwake.

"Fiti, mzee. Hivyo ndio nataka kila mtu afanye," alisema, akapanda pikipiki yake kuelekea geti la mbele.

Tulifika ukuta wa namba saba, nikageuza. Kahaso alikuwa analia bila sauti, mahindi yapo mapajani.

"Tangu lini?"

"Miaka miwili. Pengine mitatu."

"Na wewe ulijua."

Nilirudi getini polepole, kama ninayebeba mayai. Garama alikuwa amesimama katikati ya njia, kofia ameivua.

"Zima za nje, Swabir."

Nikazima.

"Na ya ndani."

Miaka sita sikuwahi kuisikia amri hiyo kwake. Nikazima. Giza likatufunika sote watatu, tukawa sawa. Mzee akaingiza mkono, akagusa kilemba cha mwanawe, paji la uso, shavu, akafika kwenye kovu lililo chini ya sikio, aliloachiwa na pembe ya mbuzi akiwa mdogo. Vidole vikatulia hapo.

"Umekonda, Kahaso."

"Baba, rudisha hii kofia ofisini mwenyewe," alimwambia. "Wasije wakakuvua."

Likaja gari nyuma yetu, taa zimewashwa zote, mzee akageuka kulipokea, akajikwaa kwenye jiwe ambalo lipo hapo siku zote. Kahaso aliruka kutoka kwenye tuktuk, akamshika kiwiko. Alisimama naye hapo getini mpaka zamu ikaisha, anamsomea nambari za magari kwa sauti ndogo, naye anaandika.

Asubuhi nilikwenda kuwachukua. Garama alitoka ofisi ya kampuni bila sare, shati lake limekunjamana. Alikuwa amewaambia mwenyewe habari ya macho yake. Akapanda na bintiye, akashika kikapu, na kabla sijaondoka akaniinamia kutoka nyuma.

"Swabir, umezima taa?"

Jua lilikuwa limetoka zamani, barabara nzima inawaka.

"Nimezima, mzee," nilisema, nikawapeleka stejini.