Mashine Haina Ndugu

Mwongeli alianza kusoma kompyuta akiwa tayari ni nyanya wa watu, na hakuna mtu hapa kwetu Murera aliyemwomba afanye hivyo. Kazi yake ni posho mill. Anasaga mahindi ya watu kutoka asubuhi, na mchana wateja wakipungua, badala ya kusinzia kama sisi wengine, alikuwa akiegemeza simu kwenye gunia na kufuata video za mwalimu fulani anayefundisha kuandika programu. Baadaye alinunua laptop kuukuu mjini Thika. Ilikaa kando ya kinu, imefunikwa leso kwa sababu ya vumbi la unga.

Mimi duka langu limepakana na kinu chake, kwa hiyo yake mengi nayajua. Watu huniita Mama Mitchell. Siku za mwanzo nilimcheka waziwazi.

"Na hizo mvi, ni nani atakuandika kazi?"

"Sitafuti kazi," alinijibu. "Nataka kujua tu vile inafanya."

Shule aliachia darasa la nane, na si kwa kukosa akili. Hii kompyuta yenyewe aliiacha mara mbili. Mara ya kwanza alisema imemshinda, akairudia mavuno yalipokwisha. Mara ya pili mumewe, Kivuva, alifurahi, akadhani amepata mke wake tena. Hakumpata. Watu humsifu Mwongeli kwa bidii, lakini mimi ninayemwona kila siku najua si bidii. Ni kwamba hawezi kuvumilia kitu kilichomshinda kikikaa tu pale kinamwangalia.

Sasa, tuna kikundi cha wanawake, kinaitwa Wendo. Kila mwezi tunanunulia mmoja wetu kitu kile kile, zamu kwa zamu, mpaka kila mtu apate. Ugomvi wetu ni mmoja: nani aanze. Zamani tulikuwa tunaandika majina kwenye vikaratasi, tunavitia kwenye sufuria, mtoto wa mtu anachomoa. Halafu siku moja ikagunduliwa kuna karatasi iliyokunjwa pembe kwa makusudi, na tukakaa muda mrefu tukipishana njiani kama hatujuani. Ndipo Mwongeli aliposimama na kusema atatengeneza programu ya kupanga majina.

"Mashine haina ndugu," alisema, tukampigia makofi.

Awamu ya kwanza ilikuwa ya matenki ya maji. Mashine ikamtoa Mbinya wa kwanza. Mbinya ni mdogo wake Mwongeli, tumbo moja. Mimi nikatoka wa mwisho. Kiangazi chote nilibeba mitungi mpaka mgongo ukakataa, na Mbinya anachota maji kwake akiwa na ndala. Nilinung'unika, lakini bahati ni bahati, nikanyamaza.

Mwaka uliofuata tulikubaliana tununue mbuzi wa maziwa. Tukakutana kwa mwenyekiti wetu Kaluki, Jumapili baada ya kanisa. Kaluki ni mtu mzima, na hata sisi tusio Wakamba tunamwita Mwaitu, yaani mama. Mwongeli aliweka laptop mezani, akabonyeza, majina yakatokea yote kwa pamoja. Wa kwanza, Mbinya.

Wengine walicheka, wakasema Mbinya ana nyota. Mumbi hakucheka. Mumbi huuza mboga sokoni Mwiki, na kama ana mdomo, basi ana macho pia. Alitoa simu, akarudi nyuma kwenye WhatsApp ya kikundi, akatafuta orodha ya matenki.

"Hii list ni ile ile," akasema. "Kutoka juu mpaka chini. Si muangalie."

Simu ikapita mkono kwa mkono. Iliponifikia nikaona jina langu chini kabisa, kama lilivyokuwa kwenye laptop.

"Bonyeza tena," Kaluki alisema.

Mwongeli akabonyeza. Mbinya juu, mimi chini. Akabonyeza tena. Mbinya juu, mimi chini. Nilipomtazama usoni nikachanganyikiwa, kwa sababu alikuwa na uso wa mtu aliyeibiwa. Lakini nilikuwa na hasira, na sikumtetea.

"Mashine haina ndugu, ni sawa," Mumbi alisema. "Lakini wewe uko naye."

Mbinya akaanza kulia, akasema hataki mbuzi. Mumbi akasema mwenye hatia hujulikana hivyo hivyo. Kaluki akagonga meza.

"Mwongeli, ulifanya nini?"

"Mwaitu, sijui."

Afadhali angedanganya. Mtu ametengeneza kitu kwa mikono yake, halafu anasema hajui kimefanya nini? Wanawake walipiga kelele mpaka kuku wakatoka chini ya meza. Kaluki alipopata nafasi alitoa hukumu. Mwongeli alete maelezo Jumapili inayofuata, na yawe maelezo ambayo yeye Kaluki, asiyejua kompyuta, ataelewa. Akishindwa, atoke kikundini yeye na mdogo wake, na watu waambiwe sababu.

Hawakungoja waambiwe. Lisemwalo lipo, ndivyo watu wanavyojua, na kabla wiki haijafika katikati nilikuwa naona akina mama wakipita na madebe yao ya mahindi mbele ya kinu cha Mwongeli, wakienda kusagia mbali. Mbinya aliacha kupita njia yetu. Kivuva alimwambia mkewe achome hicho kitu. Mimi nilimpelekea chai, na sikujua kama nimeenda kama rafiki au nimeenda kupeleleza.

"Nimeangalia mstari kwa mstari," aliniambia bila kuigusa chai. "Yote ninayoelewa iko sawa."

Alhamisi alifunga kinu akaenda Ruiru, kwa kijana anayeitwa Ndegwa mwenye cyber, duka la kompyuta, ambaye alikuwa amemsaidia siku za nyuma kuweka betri mpya. Alirudi mchana, akakaa kwenye kreti yangu ya soda, akavua viatu.

"Ndegwa amesema nini?"

"Hakuangalia hata. Ameniambia, 'Mathe, usijistress. Waambie ilikuwa virus, hawatajua.'" Akanitazama. "Wewe ungeamini?"

"Ningeamini," nikamwambia, na ni kweli. "Mumbi pia atanyamaza. Nani anajua virus ni nini?"

Niliona kabisa kwamba anavutwa. Mimi mwenyewe nilitaka akubali. Mbinya angeacha kulia, kikundi kingepona, wateja wangerudi. Uongo mdogo hivyo, ni nani angeumia?

"Wataamini wote," alisema mwisho. "Halafu mimi ndio nitabaki nikijua sijui."

Akavaa viatu akarudi kwenye kinu. Nilikasirika tena, safari hii kwa sababu ya ukaidi wake.

Kesho yake, nikiwa napimia mtu mafuta, aliingia dukani na unga kwenye nyusi.

"Ni mimi," akasema.

Nilidhani amekuja kukiri wizi. Nilimngoja mteja aondoke, nikafunga mlango nusu.

Ndipo akanieleza. Kulikuwa na mstari mmoja, mfupi, wenye namba, ambao hakuwahi kuuelewa. Aliunakili kutoka kwa mwalimu wake wa video, na kwa kuwa programu ilifanya kazi, akauacha. Sasa alikuwa amerudi kwenye somo lile na kulisikiliza upya. Mwalimu aliuweka mstari ule kwa makusudi, ili kila mwanafunzi popote alipo apate majibu yanayofanana na yake. Alisema hivyo haraka haraka, akapita. Mwongeli pia akapita.

"Kwa hivyo haikuwa inabahatisha?"

"Haijawahi kubahatisha hata siku moja."

Nilimwambia watasema ametunga. Alisema anajua.

Jumapili Kaluki hakutuandalia chai. Tulikaa, Mbinya karibu na mlango. Mwongeli aliweka laptop mezani, akasimama.

"Kompyuta haijui bahati. Inajua hesabu. Unaipa namba ya kuanzia, inaisaga, inatoa majina vile yamepangwa. Ni kama kinu changu. Ukiniletea mahindi ya njano, utapata unga wa njano, hata nisage mara ngapi. Mimi niliacha namba ya mwalimu ndani. Kila mara ilikuwa inasaga mahindi yale yale."

"Maneno matamu," Mumbi alisema.

"Nipe namba, Mwaitu."

Kaluki akatoa namba. Mwongeli akaiandika mbele yetu, majina yakatoka mengine kabisa. Akairudia namba ile ile, yakatoka yale yale ya Kaluki. Akarudisha namba ya mwalimu, na Mbinya akapanda juu, mimi nikashuka chini. Hapo wanawake walianza kusogeza viti. Mumbi alisimama nyuma ya laptop, mikono kiunoni, akiangalia kila kidole.

"Sawa," akasema. "Basi namba ya ukweli naweka mimi. Na mtu asiione."

Tukakubaliana wote kwamba hiyo ndiyo itakayohesabika. Mwongeli akamwonyesha pa kuandika, akageuka akatazama ukuta. Mumbi aliinama, akaandika polepole, akabonyeza.

Alibaki ameinama vile vile. Kaluki akanyanyuka kwenda kuona. Mimi nikamfuata.

Wa kwanza alikuwa Mbinya. Chini yake majina yalikuwa yamechanganyika vingine kabisa, lakini nani alikuwa anaangalia chini?

Mtu nyuma yangu alimtaja Mungu, "Ngai." Mwongeli aligeuka, akasoma, akafumba macho. Nilijua amekwisha. Wiki nzima ya kutafuta, na ukweli wenyewe umemgeuka.

"Nikiweka namba ingine?" Mumbi aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya chini.

"Itatoka list ingine." Mwongeli hakufumbua macho. "Lakini hapo itakuwa ni wewe umechagua."

Mumbi alimtazama Mbinya pale mlangoni, akatazama laptop. Kidole chake kilikuwa bado juu ya kitufe, na sisi wote tulikuwa tunakiangalia. Mgala muue na haki yake mpe: ni yeye peke yake aliyejua ile namba, na kama angesema ameikosea, hakuna ambaye angempinga.

"Namba ni yangu," alisema. "Nimeweka mimi. Mbinya achukue mbuzi."

Akarudi kukaa. Kaluki akamgeukia mwenye laptop.

"Mwongeli. Huo mstari uliuandika bila kuuelewa. Kuna mingine?"

Angesema hapana, nani angejua? Nilitamani aseme hapana.

"Iko, Mwaitu. Iko mingi."

"Basi uende uisome. Awamu ijayo ni wewe tena utapanga."

Wiki nzima Mwongeli hakuwa amelia. Alilia hapo, mbele yetu wote, mikono ikiwa juu ya laptop, na hakuna aliyemwambia anyamaze.