Tundu Chini ya Rangi

Saa mbili na robo asubuhi, fundi amepiga magoti kwenye sakafu ya zege, shavu lake likikaribia kuugusa mlango wa gari. Anafumba jicho moja. Anapitisha kiganja juu ya rangi ya maziwa, taratibu, kama mzazi anayempapasa mtoto kujua kama homa imeshuka. Anarudia mara ya pili, kisha ya tatu. Hahisi kitu.

"Kazi nzuri," anasema. Hajisifu. Anasema kwa uchungu.

Mtaani wanamwita Msasa. Jina alilopewa na wazazi wake linatumika hospitalini tu. Ana miaka arobaini na sita, na ishirini na minne kati ya hiyo ameimalizia katika karakana hii ya mabati, katikati ya fundi betri na duka la mbao, akifufua magari ya kale. Ananyoosha bodi, anachomelea, anapiga puti ya kusawazisha bati, anasugua, anapiga rangi.

Mjomba aliyemfundisha hakuamini kwamba mwanamke angedumu. Alimpa kipande cha msasa akamwambia asugue, akitegemea angekimbia kabla ya mwezi kuisha. Alisugua miaka miwili. "Mjomba alichoka kusubiri nichoke," anasema, na hilo ndilo tabasamu lake la pekee asubuhi hii.

Gari lililo mbele yake lina zaidi ya miaka hamsini. Liliundwa enzi ambazo kioo cha pembeni kiliwekwa upande wa dereva tu, na upande wa pili mtu akaachiwa Mungu. Mwenye gari ni mwalimu mstaafu anayelikodisha kwa maharusi. Alilinunua miezi mitatu iliyopita na amelileta kwa jambo dogo: anataka kioo cha pili, upande wa abiria.

"Shingo yangu imestaafu kabla yangu," anaeleza Mwalimu, ameketi kwenye kigoda karibu na mlango wa karakana. "Nikitaka kutazama upande ule, inabidi nigeuke mwili mzima. Nikishageuka mwili mzima, nani anaendesha?"

Kwa fundi yeyote hiyo ni kazi ya saa mbili. Msasa ameikalia siku tatu. Mlango huu uliwahi kuwa na kioo hicho, na aliyekiondoa ni yeye mwenyewe.

Ilikuwa hivi. Miaka miwili iliyopita gari lilikuwa la mtu mwingine, mpenzi wa maonyesho ya magari ya kale. Kwenye maonyesho hayo waamuzi hupita na tochi, na kila kitu ambacho hakikutoka kiwandani humpunguzia mtu alama. Kuna mwenye gari wa zamani aliyekuwa ametoboa mlango wa abiria na kufunga kioo. Yule bwana akataka kioo kitoke na tundu lizibwe, gari lirudi lilivyozaliwa.

"Nilimuuliza, upande huu utaonaje? Akacheka, akasema atageuza shingo. Nami nikacheka," anasema Msasa. "Nilicheka kweli. Sikujilazimisha."

Alikata kibati cha duara cha ukubwa wa sarafu, akakichomelea ndani ya tundu, akasugua, akapiga puti nyembamba kama karatasi, akasugua tena, akapiga rangi. Siku nne. Kuziba matundu ya vioo ndiyo kazi iliyompa jina mbali na mtaa wake. Ameziba thelathini na moja, anayakumbuka yote, na hadi mwezi huu hakuna mtu aliyewahi kumwonyesha yalipokuwa.

Miezi mitano baadaye gari hilohilo lilikuwa barabarani, likakata kona kuingia kituo cha mafuta upande wa abiria. Pembeni yake palikuwa na dobi kwenye baiskeli, kapu la mashati yaliyopigwa pasi likiwa nyuma yake. Likamgonga. Dereva alisema hakumwona, na alisema kweli.

Dobi huyo ni wifi yake Msasa. Ni dada mkubwa wa mumewe, mwanamke wa miaka hamsini na miwili aliyemlea huyo mume tangu akiwa mtoto na kumsomesha kwa pasi ya mkaa. Wanaishi nyumba moja. Baada ya ajali hiyo mguu wake ulikatwa chini ya goti. Zamani alipiga pasi nguo sitini kwa siku na kuzipeleka mwenyewe. Siku hizi anaketi kwenye stuli ndefu, akifikisha ishirini ni siku njema, na mteja azifuate. Mguu wa bandia aliopewa unamchubua, kwa hiyo umeegemezwa nyuma ya kabati, umevaa kiatu.

Gari lilipowekwa kwenye yadi baada ya ajali, mkaguzi wa magari alikuja kulitazama. Msasa na mumewe walikuwapo. Mkaguzi alipitisha kiganja mlangoni, palepale palipozibwa tundu. Akagonga kwa kifundo cha kidole, bati likalia bati. Kisha akaandika kwamba gari liliundwa bila kioo cha upande wa abiria na halijawahi kufungwa kioo hicho, na kwamba mwendesha baiskeli alipita mahali ambapo dereva hakuwa na namna ya kumwona.

"Nilifungua mdomo," anasema Msasa. "Nakumbuka niliufungua kabisa. Halafu nikaufunga."

Kwa nini? Anavifuta vidole vyake kwa kitambaa ambacho ni kichafu kuliko vidole vyenyewe.

"Ukweli? Kwa sekunde moja nilifurahi. Mtaalamu mzima, na miwani yake, kapapasa na hakujua. Nilijiona fundi. Hiyo sekunde ndiyo inayoninyima usingizi. Baada ya hapo ilikuwa woga tu, na woga unaeleweka."

Tangu siku hiyo dobi ana sentensi moja anayoirudia kwa wateja, kwa majirani, kwa wanaokuja kumjulia hali: "Kosa langu mwenyewe, nilijipeleka pasipoonekana." Huisema kwa utani, maana ni mtu wa utani. Msasa huisikia akiwa jikoni, huisikia akiwa uani anaanika nguo. Miezi kumi na tisa ameisikia, na kila mara hujikuta na kazi ya haraka chumba kingine.

Mwalimu alipolileta gari, Msasa alimwambia wifi yake kwamba lile gari limekuja karakana, na kwamba angependa afike. Hakusema zaidi. Alipanga kuyasema hapa, penye mlango wenyewe, kwa sababu nyumbani alishajaribu akashindwa.

Saa nne kasoro dobi anaingia kwa magongo mawili. Kutoka barabarani hadi kwenye benchi la karakana ni hatua mia moja na kumi. Anazijua kwa sababu huzihesabu zote.

"Nimekuja nilione likiwa limesimama," anasema, akilitazama gari kuanzia taa hadi buti. "Mara ya mwisho hatukuelewana."

Mwalimu, ambaye hakuambiwa lolote, anatazama magongo, anatazama gari lake, kisha anainuka na kumwachia kigoda. Anaanza kuomba radhi.

"Wewe hukuwapo, Mwalimu," dobi anamkata kwa upole. "Kaa na radhi zako, utazihitaji kwa mengine."

Msasa hatoboi kabla ya kupima. Humketisha dereva kwenye kiti chake kama anavyoketi siku zote, kisha husogeza ufagio uliosimamishwa ndani ya debe, hatua kwa hatua, ubavuni mwa gari. Ufagio ukipotea machoni mwa dereva anachora chaki sakafuni. Ukionekana tena anachora nyingine. Katikati ya chaki hizo mbili ndiko mtu anakopotea.

"Weka ufagio wako," anasema dobi. "Nitasimama mimi."

Msasa anataka kukataa. Mwalimu ameshaketi kwenye usukani. Dobi ameshajipeleka nyuma ya gari.

"Mwalimu, unaniona?"

"Nakuona."

Anasogea mbele hatua moja. "Sasa?"

"Sasa sikuoni."

"Sasa?"

"Bado. Sikuoni, dada."

Msasa anachora chaki zake. Ni hatua tisa za magongo kabla Mwalimu hajamwona tena. Dobi anageuka kuitazama mistari miwili ya chaki, anarudi polepole, anasimama katikati yake. "Nilikuwa hapa," anasema.

Msasa anatoa kioo kutoka sanduku la chini ya benchi. Kimefungwa kwa gazeti kuukuu. Ni cha duara, shingo yake ya chuma, umri mmoja na gari. Mwalimu anafurahi kama aliyeletewa zawadi. Msasa anakibandika mlangoni kwa tepu, anakisogeza, anakikaza.

"Sasa?" anauliza dobi, akiwa bado katikati ya chaki.

"Nakuona! Nakuona mpaka vifungo vya blauzi."

"Vingapi?"

"Vitano. Cha pili kutoka juu si ndugu wa wenzake."

Dobi anacheka. Msasa hacheki. Anaondoa kioo, anapiga alama, anafunga kwenye drili kile kikombe chenye meno cha kukatia duara, na kuanza.

Mlango ambao haujawahi kuguswa hutoa rangi kidogo na kisha chuma. Huu unatoa rangi, halafu unga wa rangi ya waridi, mwingi, unaodondoka kwenye kiatu cha fundi. Ndio puti. Baadaye chuma. Drili inapokaa kimya, Msasa anachokoa kwa bisibisi kipande cha bati kilichonasa ndani ya kikombe, na kabla hajakificha mkononi, wifi yake ameshanyoosha wake.

Dobi ni mtu aliyeishi kwa kutazama madoa. Anakigeuza kibati upande wa nyuma, ambako rangi haikufika.

"Mbona kina pete?" anauliza. Kwenye bati kuna mviringo mweusi, alama ya moto wa kuchomelea. Anaelekeza macho kwenye tundu, kisha kwenye kioo. "Wifi. Hiki kioo umekitoa wapi, mpaka kikaenea gari hili?"

Ndipo Msasa anasema. Anasema amesimama, drili ingali mkononi, bila kutafuta pa kutokea: yule bwana, alama za maonyesho, kioo alichokitoa na kukihifadhi, siku nne, kiganja cha mkaguzi. Hata ile sekunde moja anaitaja. Haimchukui dakika tatu. Mwalimu amebaki ndani ya gari, mikono kwenye usukani, hajui kama ashuke.

Dobi anasikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo nilikuwa naonekana," anasema.

"Ulikuwa unaonekana, wifi."

"Nilimwomba radhi yule mtu." Sauti yake haipandi. "Nilimpigia pasi shati lake, nikampelekea, nikamwomba radhi kwa kumwingilia njia. Wewe ulinisindikiza. Ulinishikia mlango wa gari."

"Nilikushikia."

"Miezi kumi na tisa nakula sahani moja na wewe."

Msasa analia. Dobi halii, wala hamsogelei. Anakitia kibati kwenye mfuko wa sketi na kukizika chini ya kitambaa chake cha mkononi.

Mwandishi wa simulizi hii alikwenda karakana kuandika habari za mwanamke anayefufua magari ya kale. Alipofunga daftari, aliyemzuia ni dobi. "Andika," alisema. "Mkaguzi aliandika lake. Na wewe andika."

Kioo kinafungwa kabla ya saa sita. Kimekaa vizuri, hakitikisiki. Mwalimu anatoka getini polepole mno, akikitazama kioo kuliko anavyotazama barabara. Alitaka kumpeleka dobi nyumbani kwa gari, dobi amekataa. Msasa ameomba amsindikize, amekataa pia. Anaondoka kwa magongo yake, hatua mia moja na kumi, na fundi anabaki amesimama mpaka zinakwisha.

Kazi ya kuziba matundu ya vioo Msasa ameiacha. Siku hizo tatu alizolikalia gari aliwatafuta kwa simu wenye ile milango mingine thelathini, akiahidi kurudisha vioo bila malipo. Amewapata kumi na mmoja. Wawili wamekubali. Waliobaki wanasema atawaharibia magari.

"Nitaendelea kupiga simu," anasema, akifagia unga wa puti. Mistari ya chaki ameiruka, hajaigusa. "Wakinitukana nitapiga tena."

Msamaha haombi. Anatamani tu wifi yake asiseme tena ile sentensi ya kosa langu. Leo alipotoka hakuisema.

Mumewe ni dereva wa malori na hayupo. Anarudi Jumapili mchana. Jumatatu watakwenda wote watatu kwa mkaguzi, kibati mkononi, arekebishe alichoandika. Hilo ni agizo la dobi, alilitoa akiwa getini bila kugeuka nyuma. La Jumapili nalo alilitoa hapohapo.

"Kasema atakiweka kibati mezani, mbele ya mdogo wake, mume wangu," anasema Msasa. "Yeye hatatia neno. Nitaongea mimi. Chakula kitakuwa tayari, na hakuna atakayenawa mikono mpaka nimalize."