Injini Niliyoiacha Houston

Kwa miaka minne kaka yangu Hamisi alikuwa akiniuliza kutoka Singida kama injini yake ipo, nami kwa miaka minne nikamjibu ipo. Ana pikapu ya kubebea mizigo, na pikapu hiyo ndiyo inayolisha nyumba yake. Mwezi huu jamaa mmoja wa Irving, huku Texas, anapakia kontena la kwenda Dar es Salaam. Hamisi aliposikia, akang'oa injini yake mbovu, akawapa watu wa vyuma chakavu, akaliweka gari juu ya mawe kusubiri. Basi sikuwa na budi kwenda Houston kuchukua injini na giaboksi nilizomnunulia nikiwa naishi kule, kabla sijahamia Garland kwa kazi ya ghala.

Jumamosi, saa kumi na moja na nusu alfajiri, Garland. Nilipakia kwenye gari turubai, kamba, boksi la spana na matairi mawili ya zamani ya kukalishia injini njiani. Nikajaza mafuta, nikanunua kahawa isiyo na ladha yoyote, nikashika barabara ya kusini.

Wenzangu mlio nyumbani msidhani kuna mengi ya kuona. Barabara imenyooka, malori ni mengi, ng'ombe wamesimama mbali na uzio kana kwamba wamewekwa. Nilipita Ennis, nikapita Corsicana, na kwa saa mbili sikukata kona hata moja ya maana. Baada ya Huntsville misonobari ikaongezeka na hewa ikabadilika. Kioo cha mbele kikaingia ukungu kwa nje, nikawasha waipa ingawa hakukuwa na mvua. Miaka niliyoishi Houston niliuzoea unyevu ule mpaka nikasahau kuwa upo.

Saa nne kasorobo, Houston. Mwenyeji wangu ni Baba Divine, Mrundi, jirani yangu wa zamani, anayefanya kazi kwenye kiwanda cha mashine. Mlango ulifunguliwa na binti yake, ambaye alikuwa mdogo nilipoondoka na sasa ananipita urefu. Nilimsalimu kwa Kiswahili, akajibu, "Hi, uncle," akamwita baba yake.

"Karibu, ndugu yangu!" Baba Divine alinikumbatia. "Kitu yako iko palepale. Hakuna mtu aliigusa."

Kweli, hakuna aliyeigusa. Ilikuwa pembeni mwa gereji, juu ya sakafu ya saruji, katika nailoni niliyoizungushia mwenyewe tabaka juu ya tabaka na kuibana kwa utepe wa gundi, namna tunavyofunga kila kitu kinachokwenda nyumbani. Siku ile niliifunga kwa sifa zote. Sasa kwa ndani nailoni ilikuwa na matone.

Nikachana. Maji yakanitiririkia kwenye kiatu. Nikafungua plagi, nikamulika ndani: silinda ya kwanza nyekundu kwa kutu, ya pili nyekundu, ya tatu mbaya zaidi. Tukamimina mafuta ya kulegeza kutu, tukasubiri, tukatia spana ndefu kwenye boliti ya mbele na kuvuta wawili. Injini haikusogea hata unywele. Nilikuwa namwona Hamisi na gari lake lililo wazi mbele.

Giaboksi ilikuwa kando, haina nailoni kwa sababu iliniishia. Mwenye duka aliyeniuzia alikuwa ameijaza oili na kuziba matundu yote kwa vizibo vya mpira. Nilishika shafti kwa vidole, ikazunguka taratibu, bila kelele.

"Unaona?" Baba Divine alisema. "Kule kazini tunaweka mashini miaka mingi. Tunatia mafuta ndani, tunaziba matundu, tunaweka juu ya mbao. Na tunaizungusha na mkono, kila mwezi. Plastiki ya kukaza hivi, hapana. Inafunga maji ndani."

"Ulijua?"

"Nilijua. Maji niliyaona tangu mwaka wa kwanza."

"Sasa mbona hukuifungua, Baba Divine?"

Akanitazama kama niliyemvunjia heshima. "Ni kitu ya mtu. Uliniachia kutunza, hukuniachia kufungua. Tena ulipiga simu kila Noeli. Uliuliza watoto, uliuliza mama, uliuliza kazi. Injini hukuiuliza."

Nilikuwa naona haya kumsumbua mtu aliyenipa nafasi bure, na yeye alikuwa anaona haya kugusa amana. Adabu zetu mbili ndizo zilizoiozesha. Mama Divine akatuita mezani, ugali na maharage, tukala tukizungumzia mambo mengine, kisha tukapakia injini na giaboksi.

Saa saba na nusu mchana, kituo cha mafuta, Huntsville. Nyumbani ilikuwa usiku, watu wameshakula. Nikaona nikifika Garland nitatafuta maneno mazuri ya kuficha ukweli, nikampigia Hamisi hapohapo.

"Umeshaipata?"

"Nimeipata, kaka. Giaboksi nzima. Injini imeshika kutu, haizunguki."

Akasema, "Mwezi uliopita uliniambia ipo."

"Ndiyo."

"Ulikuwa umeiona?"

"Sikuiona. Tangu nihame sijaiona."

"Basi ungeniambia hujui, mdogo wangu. Ile yangu ilikuwa mbovu, lakini ilikuwa inatembea."

Niliona aibu ambayo sijaiona tangu utoto. Nikamwambia nitaifungua kesho, nikamweleza niliyoyasikia kwa Baba Divine kuhusu oili, vizibo na mbao, nikaongeza kwamba huenda baadhi ya pistoni zitatoka. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Huenda," alirudia. "Haya. Fungua, halafu uniambie."

Jumapili, Garland. Pistoni mbili zilitoka kwa nyundo ya mbao. Mbili hazikutoka. Nikanawa mikono, nikampigia, nikamwambia mbili zimetoka, mbili zimekwama, na kabla hajaniuliza nikamwambia kwamba nimeziona kwa macho yangu.