Nywele za Mchunga Ng'ombe

Katikati ya miaka ya tisini nililala kibanda kimoja na mchomaji wa dhahabu, kwenye machimbo madogo upande wa Geita. Kazi yake ilikuwa kuchanganya mchanga uliosagwa na zebaki, kuukamua kwa kitambaa, kisha kuuchoma juu ya mkaa mpaka zebaki ipae moshi na dhahabu ibaki. Moshi aliuvuta yeye. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka, hata chai tukawa tunammiminia nusu kikombe. Tuliita hiyo heshima.

Mke wake akaja kutoka Ushetu, ambako tumbaku ilikuwa inasubiri mtu wa kuihudumia, akamwambia arudi nyumbani kabla moshi haujammaliza. Siku hizohizo wakafika watafiti waliotaka kujua zebaki imetuingia kiasi gani mwilini.

"Wakisema naumwa, narudi nawe," mchomaji aliapa mbele yangu. "Wakisema mzima, uniache nichome."

Mke akakubali, akabaki kambini akikaanga maandazi.

Watafiti walitaka mkojo, tukawapa. Walitaka damu, watu walinung'unika, kisha wakanyoosha mikono. Walituuliza tunakunywa nini na tunalala na nani, tukajibu kwa kirefu, wengine wakitia chumvi. Halafu wakatoa mkasi, wakasema wanahitaji nywele kidogo za kisogoni. Kambi nzima ikakumbuka kwamba ina kazi duarani, chini shimoni.

Nywele za mchimbaji ndiyo nyota yake. Anayezishika anaweza kukuhamishia dhahabu ukiwa bado uko shimoni unachimba. Tulilijua hilo vizuri, maana sote tulikuwa tumeshampelekea mganga nywele zetu, pamoja na kucha, jina la mama na mbuzi juu yake. Mganga hakutuuliza kama tumeridhia. Hakutuambia atazitunza wapi, na hakuna aliyewahi kuletewa majibu. Tulimwamini kabisa. Hawa wa mkasi, walioeleza kila kitu mpaka koo zikawakauka, wakagawa na sabuni, ndio tuliowaona wezi.

"Mbona wanaeleza sana?" mchomaji alininong'oneza. "Mtu asiye na jambo lake anaeleza nini?"

Kiongozi wa watafiti, mama mpole mwenye miwani, akaona aheshimu mila zetu. Akasema kila mtu akanyolewe na kinyozi wake mwenyewe, kisha amletee nywele kwenye bahasha. Tulimpigia makofi.

Kinyozi wetu alipata wateja wengi siku za mnada, wachunga ng'ombe walipokuja kunyoa. Mnada uliofuata, sakafu ya kibanda chake haikuhitaji ufagio.

"Chukua hizi," alimwambia mchomaji, nikiwa nimekaa palepale kwenye benchi. "Za kijana wa huko mbugani. Hajui hata zebaki ina rangi gani. Maziwa tupu hayo!"

Mchomaji akazitia kwenye bahasha, akaivuta kofia yake mpaka masikioni.

Watafiti waliporudi na majibu, mama wa miwani alikuwa na furaha ya kutupongeza. Hajawahi kuona wachomaji wa namna ile, alisema. Nywele zao ni safi kama za watu wasiowahi kukanyaga machimbo. Akauliza, kwa heshima zote, siri ni nini. Tunakula nini?

"Maziwa," alijibu kinyozi, na watu wakacheka mpaka wengine wakashika nguzo.

Mchomaji akamgeukia mkewe. "Umesikia, mayu? Mzima!"

"Nimesikia." Mke akachukua kikombe, akakijaza chai mpaka ukingoni, akampa mbele ya wageni na wenyeji. "Kunywa basi, baba watoto. Kunywa kama mzima."

Hapo hakucheka mtu. Alikipokea kwa mikono miwili. Chai ikaruka kwenye vidole, ikashuka kwenye shati, nyingine ikafika kwenye viatu vya mama wa miwani. Iliyobaki kikombeni ilikuwa ile nusu tuliyozoea kumpa.

"Mama," mke alimwambia mtafiti, "hizo nywele mlizopima mrudishieni mwenye ng'ombe. Za huyu bado anazo."

Mchomaji alitutazama mmoja mmoja, na kila aliyetazamwa akapata kitu cha kuangalia chini. Akavua kofia.

"Kateni. Lakini kidogo. Na zitakazodondoka ni zangu."

Mama wa miwani alikata mwenyewe. Mke akainama, akaokota zilizoanguka mpaka ya mwisho, akazifunga kwenye pindo la kanga. Majibu hakuyasubiri, alisema yake ameshayaona.

Asubuhi mke na mume walipanda lori la kwenda Kahama, njia ya kwao Ushetu, wakakaa juu ya magunia. Kinyozi, ambaye hakuwahi kujua kunyamaza, akapiga kelele kutoka mlangoni kwake:

"We mzee! Na nyota yako je?"

"Anayo mama watoto," mchomaji alijibu, na lori likaondoka.